Samoni wa Supamaketi

Mwaka ule Lavina Tenasket alinunua samoni watatu wa supamaketi, wale wanaofugwa vizimbani baharini, kwa sababu siku ya karamu ya kila mwaka ya kumpokea samoni wa kwanza ilikuwa imefika na mtoni hapakuwa na hata mmoja. Watu arobaini walijazana nyumbani kwake, wakala, wakasengenyana mpaka jioni. Kisha akafanya kama walivyofanya kwao tangu zamani: alikusanya mifupa yote akairudisha mtoni, ili samaki wavae nyama tena na kurudi.

Walirudi baada ya miaka minne, Jumanne moja ya Septemba, saa nne asubuhi. Walikuwa mamia, wanene, kila mmoja na kibandiko cha bei shavuni. Walisimama chini ya daraja, hawaendi mbele wala nyuma.

"Umetuletea wageni wasiojua njia," alisema Elwood, binamu yake. "Na unene huo, watapanda maporomoko kweli?"

"Mbona wewe na kitambi chako ulipanda mlima kwenda kuposa? Hebu sogea."

Majike walikuwa wamejaa mayai, na mayai hayasubiri. Lavina alitembea ukingoni siku tatu akiwatajia vilindi vya mto kimoja kimoja kwa majina, kama bibi yake alivyomtajia. Samoni walimfuata hadi kwenye bwawa la umeme. Majina yalikuwa bado mengi, ila njia ilikuwa imeishia hapo. Kampuni ya bwawa ilikuwa imeahidi kuwajengea samaki ngazi ya maji ya kupandia tangu mama yake Lavina hajaolewa.

Basi watu wakaleta mabeseni, mapipa, hata bafu la mtoto, wakaanza kuwapandisha kwa magari.

"Mama, mna kibali?" aliuliza mlinzi wa bwawa.

"Hatuna. Wewe una mikono. Shika mkia huu."

Akashika.

Ijumaa samoni wote walikuwa mtoni, upande wa juu wa bwawa, wakichimba changarawe kwa mikia na kutaga. Vibandiko vilielea, watu wakaviokota.

Wiki iliyofuata ikaja barua ya kampuni. Lavina aliwasomea jamaa waliojaa sebuleni: kampuni inashukuru, kwa kuwa samaki sasa wanapita, ngazi haitahitajika tena.

Elwood alitukana. Lavina akaikunja barua, akawashia nayo jiko, akauliza gari la nani lina breki nzuri, maana msimu bado haujaisha na kulikuwa na wengine wapya chini ya daraja.