Mwashi Aliyenyimwa Kufa

Saa tatu na robo asubuhi, muuguzi wa wodi ya wanaume alikuwa akimnywesha mwashi chai kwa kijiko, mwashi akafa. Kijiko cha nne kilimwagikia kidevuni. Muuguzi aliweka kikombe chini, akamgusa shingoni kwa vidole viwili, akasubiri dakika nzima huku akitazama saa ya ukutani, kisha akamfumba macho. Alikuwa na miaka ishirini na sita kazini, na jambo hilo hakuwahi kulikosea.

Bangili mkononi mwa mwashi iliendelea kuwaka kijani. Mapigo sabini na mawili. Hewa ya kutosha. Usingizi mzuri.

Bangili hizo walifungwa wagonjwa wote miezi mitano nyuma. Zilipeleka habari kwenye skrini kubwa ofisini kwa mkurugenzi. Baada ya kuitazama skrini wiki moja, mkurugenzi aliwaachisha kazi wauguzi watano kati ya sita wa wodi hiyo. Alisema mashine haiombi ruhusa ya kwenda msibani.

Daktari alikuja na kishikwambi chake, akasoma.

“Huyu anaendelea vizuri.”

“Amekufa, daktari.”

“Nani kasema?”

“Vidole vyangu.”

“Vidole vyako vina cheti?”

Mwashi akafumbua macho. “Anasema kweli,” akamwambia daktari. “Nimekufa kabla chai haijapoa.”

“Unaona?” daktari akamgeukia muuguzi. “Maiti huongea?”

“Naongea kwa sababu hamjaniruhusu kunyamaza,” alisema mwashi.

Daktari akaandika: *mgonjwa mchangamfu.*

Mchana mkewe alikuja na chakula. Mwashi alimwambia asijisumbue kupakua, ameshakufa.

“Pole, baba watoto.”

“Nimeshapoa,” akajibu. Mkewe akamshika mkono, akakuta ni kweli.

Aliomba apewe mumewe akamzike. Karani wa mapokezi alimweleza kwamba mgonjwa hutolewa wodini kwa njia mbili tu, kupona au kufariki, na mashine haikuwa imesema lolote kati ya hayo. Mkewe alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne mwashi alianza kunuka, wafanyausafi wakaagizwa kupulizia manukato. Siku ya sita mkurugenzi alileta wageni kutoka makao makuu. Mmoja wao alimpa mwashi mkono, akasema ni wa baridi.

“Kiyoyozi chetu ni kipya,” alisema mkurugenzi.

Wageni wakapiga makofi. Mwashi aliwaambia anachoka. Wakamtakia nafuu ya haraka.

Siku ya tisa alimwita muuguzi karibu.

“Dada yangu, nimejenga nyumba za watu maisha yangu yote. Ya kwangu ni shimo moja tu, na hilo nalo nanyimwa. Nifungue.”

Muuguzi alijua vilivyo kwamba kuikata bangili ni kosa, maana tangazo lilibandikwa kila mlangoni. Alimtazama mke wa mwashi, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kwani viti viliondolewa kupisha nyaya. Muuguzi akachukua mkasi wa bandeji, akaikata.

“Ahsante,” alisema mwashi, akanyamaza kama wanavyonyamaza maiti wengine.

King’ora kililia jengo zima. Daktari alifika akikimbia, jambo ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kuliona. Safari hii alitangaza kifo bila kumgusa mtu, na mkewe akapewa mwili jioni hiyohiyo.

Muuguzi alishtakiwa kwa kuua. Mahakamani, mke wa mwashi aliapa kwamba mumewe alikuwa maiti siku tisa na kwamba yeye mwenyewe alizungumza naye kila siku. Hakimu alimsikiliza kwa upole. Kisha akazisoma karatasi za mashine, ambazo zilionyesha moyo ukipiga vizuri mno hadi dakika mkasi ulipofunga. Akasema karatasi hazina huzuni, kwa hiyo hazidanganyi. Muuguzi alifungwa miaka kumi na miwili.

Nafasi yake wodini haikujazwa. Kufikia mwisho wa mwaka, vitanda kumi na kimoja vilikuwa na watu waliokwisha kufa, watulivu, taa zao za kijani, wakiongea kidogo na ndugu zao. Wenye kuumwa walilazwa chini, ukumbini. Hospitali ikapewa tuzo. Ripoti iliyosomwa siku hiyo ilisema wodi ya wanaume haikupoteza mgonjwa hata mmoja, isipokuwa yule aliyeuawa na muuguzi.