Mtani wa Bwawani

Siku ya kwanza kabisa kocha Firdausi alituambia: anayejisikia vibaya aseme kabla ya kuingia majini. Tulikuwa watu wazima kumi na mmoja, tumejipanga ukingoni mwa bwawa la hoteli moja hapa Kibaha, matumbo mbele. Mimi nililetwa na goti. Daktari alisema maji yatanibeba. Nikamjibu basi yana nguvu kuliko marehemu mume wangu.

Mzee Dotto aliletwa na presha. Karani mstaafu, Msukuma wa Magu. Mimi Mzaramo wa Kisarawe. Tulipotajiana makabila tu, utani ukaanza, maana ruhusa tulishaachiwa na mababu: tutukanane tusikasirikiane, na siku mmoja akifa, mwenzake aende msibani kuwachekesha wafiwa.

"Mzaramo, toka humo, maji yanageuka tui la nazi!"

"Na wewe usiyanywe, hili si lambo la ng'ombe."

Miezi mitatu tulikwenda hivyo, Jumanne na Alhamisi. Goti langu likalegea, yeye akaweza kuvuka bwawa kwa upana. Kila akifika ng'ambo alijilaza kwenye saruji, macho juu. "Mtani, nakufa. Mwambie mke wangu Marselina anizike na suti ya kahawia." Nami humjibu afe upesi, nina njaa ya ubwabwa wa msiba.

Alhamisi iliyopita alichelewa kuvua viatu.

"Mtani, kifua kinanibana. Nadhani leo nikae nje."

"Msukuma mzima unaogopa maji ya kitovuni! Ingia huko. Ukifa tutakula."

Alinitazama. Akacheka kidogo, akaingia. Kocha alikuwa upande wa pili, amemshika mtu mgongoni akimfundisha kuelea. Sikumwita. Dotto akavuka mara moja, akatoka, akasema anakwenda kupumzika. Saa tisa mchana nikapigiwa simu.

Jumamosi nilikwenda kwake, Pangani ya hapa hapa Kibaha. Nilikuwa na neno moja tu, nalo nilitaka mkewe alisikie kabla jeneza halijatoka. Anisamehe au anifukuze, shauri yake, lakini ajue.

Hata viatu sijavua, wanawake wakapaza sauti: "Mtani kafika! Mpisheni mtani!" Wakanisukuma mpaka mkekani, mbele ya Marselina. Uso wake ulikuwa umevimba, midomo imekauka. Nikamshika mikono yote miwili.

"Mke wa mtani," nikasema, "mumeo aliniambia kifua kinambana. Mimi ndiye niliyemwambia aingie majini. Nimemuua mimi."

Halafu mmoja nyuma akasema, "Mnawaona Wazaramo? Wanaua, halafu wanakuja kupokea pole!"

Wakaangua kicheko.

"Mfungeni kamba!"

"Mzikeni naye, wakaogelee huko huko!"

Marselina naye akacheka. Alicheka mpaka akaniegemea begani, machozi yakanilowesha shingo. "Jamani, tangu Alhamisi sijacheka," akasema.

"Sitanii, Marselina. Wallahi sitanii."

Wakazidi. Wapi uliona mtani akakiri kwamba anatania? Mwingine akanipa soda, amenifungulia kabisa, akanipigapiga mgongoni kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Nje niliwasikia wanaume wakiulizana kuna nini, na wao wakaanza kucheka kabla hawajaambiwa.

Wakati huo dada yake Marselina ndiyo kwanza anaingia kutoka Magu, begi bado begani, analia kwa sauti. Marselina akamvuta, akamkalisha kando yangu.

"Dada, nyamaza kwanza. Huyu ndiye Mwamini, mtani wake wa bwawani." Akanigeukia, mashavu yamelowa, kicheko bado kimemshika mdomoni. "Mtani, hebu rudia. Huyu hakusikia."

Nilimtazama. Wote walikuwa wananisubiri.

Nikarudia.