Nyama Ikigoma Haifunguliwi

Jumamosi ya mwisho ya Machi, saa tatu asubuhi, vidari kumi na vinne vya ng'ombe vilikuwa vimegoma ndani ya tanuri la moshi la Milton Hruska, kule Dalby, Texas. Kugoma ni hivi: joto la nyama linapanda vizuri mpaka digrii mia na sitini na tano za Farenhaiti, kisha linasimama. Linasimama saa nne, pengine sita. Nyama inatoa jasho, jasho linaipoza, moto hauna la kufanya. Mpishi mwenye akili anafunga mlango wa tanuri na mdomo wake, anangoja. Odell Tarver alikuwa amengoja hivyo miaka thelathini na mmoja.

Hruska mwenye mgahawa hakuwa na subira hiyo. Saa saba mchana wageni ishirini na wanne wangeketi kuonja bia sita za kiwanda kidogo cha Garrett Boehm, kila bia na nyama yake: ya dhahabu na soseji, ya ngano na mbavu, nyeusi na ncha za kidari zilizoungua.

"Ongeza kuni," Hruska alisema.

"Imegoma, bosi."

"Sikukuuliza imefanya nini. Ongeza."

"Nikiongeza utawapa watu soli za viatu. Labda huyo Boehm wako ana bia inayokwenda na viatu."

Wapasua kuni wawili wakacheka. Hruska akafungua mlango wa tanuri. Odell akaufunga. Hruska akafungua tena, na Odell akaufunga kwa goti. Ndipo Hruska akachukua beleshi la makaa, akampiga nalo kisogoni. Alipoanguka akamwongeza matatu, la mwisho kwa ncha, na fuvu likapasuka kama tikiti lililodondoka garini. Damu ikaingia kwenye jivu, ikachemka.

Verlene, dada mkubwa wa Odell, ndiye aliyekuwa akikata nyama mle mgahawani. Aliona yote dirishani. Alipofika uani mbio, Odell alikuwa ameshasimama. Aliokota lile beleshi, akalifuta kwa aproni, akausukuma mlango ukafungika.

"Mnapoteza joto," alisema.

Katika wilaya ile, anayeandika kwamba mtu amekufa ni hakimu mdogo wa mtaa. Huyo alikuwa Lonnie Pruitt, ambaye pia aliuza trekta zilizotumika. Alikuja na sherifu, akaazima kipimajoto cha jikoni, akakichomeka katika tundu la kichwa cha Odell. Mia na sitini na tano. Wakangoja mpaka saa sita. Joto halikupanda, halikushuka.

"Amegoma," Pruitt alisema. "Aliyegoma siwezi kumwandikia cheti."

"Na pasipo marehemu hakuna muuaji," alisema sherifu, akifunga kijitabu chake. "Tena marehemu gani huyu anapanga kuni?"

Kwa kuwa walikuwa wameshafika, walibaki wakala.

Tangu siku hiyo Odell hakwenda kwake. Moshi ulimwingia mdomoni ukatokea kisogoni, na wateja walisema nyama imezidi utamu. Hruska naye alizoea. Kuni zikiwa mbichi alimpiga. Pasaka alimvunja mkono kwa chuma cha kuchokolea moto, mfupa ukatokeza nje, na Odell akajifunza kutumia mkono wa kushoto. Mwezi wa Mei alimng'oa meno manne kwa sababu ya mvua. Aliyepita aliona, akasalimu, akaingia kununua.

Verlene alitaka karatasi moja tu, amzike ndugu yake kando ya mama yao. Makaburini hawachimbi bila cheti.

"Inauma?" alimuuliza.

"Inauma palepale, dada. Haizidi, haipungui."

"Sasa unataka nini?"

"Nimalize."

Njia ya kuimaliza nyama iliyogoma ipo. Unaifunga kwenye karatasi ya buchani, jasho lisipate pa kutokea, na joto linapanda lenyewe. Odell aliidharau njia hiyo maisha yake yote; aliiita mkongojo wa wapishi viwete. Safari hii alinyoosha shingo mwenyewe.

Siku Boehm aliporudi na bia zake, mwezi wa Juni, Verlene alimkalisha ndugu yake ubavuni mwa tanuri, akamzungushia karatasi kutoka unyayoni hadi utosini, tabaka mbili, akakunja ncha zikaingia ndani kama inavyotakiwa. Akachomeka kipimajoto. Wageni walipokuwa kwenye bia ya pili kilisoma mia na themanini. Kwenye ya nne, mia na tisini na mbili. Mia mbili na tatu ndipo nyama inapoachia, imeiva. Akaenda kumwita hakimu, naye akatoka na sherifu, kila mmoja na glasi yake.

"Ikifika naandika," Pruitt alisema. "Mimi ni mtu wa haki."

Mia na tisini na nane. Ndani ya karatasi Odell alikuwa akiimba polepole.

Hruska akatoka kutafuta mbavu.

"Nani anaangalia moto?" aliuliza. Akachukua ndoana ya nyama, akaichana karatasi kuanzia kidevuni kwenda chini, na ndoana haikuchagua karatasi na ngozi. Mvuke ukatoka wote kwa mara moja. Akampiga ndoana ya bega, akamburuta mpaka kwenye mdomo wa tanuri, akamkanyaga mbavu hadi Odell aliposimama. Kipimajoto kilianguka kwenye vumbi, kikisoma mia na sitini na tano.

Verlene alikuwa na kisu chake. Alikifikisha chini ya sikio la Hruska, damu ikaanza kutiririka, ndipo sherifu alipomshika kiwiko.

"Huyu si kama yule, Verlene," alisema kwa upole. "Huyu ukimchoma atakufa vizuri tu. Lonnie ataandika cheti kabla hujafuta kisu, na wewe utahukumiwa kifo."

"Kweli kabisa," alisema Pruitt. Kisha akaupapasapapasa mfuko wake wa shati. "Mama, una kalamu?"

Verlene aliichomoa nywelini akampa. Pruitt alitoa kadi, akaiegemeza kwenye ukuta wa tanuri, akaandika taratibu. Ilikuwa kadi ya Boehm, yenye majina ya bia sita. Mbele ya ile nyeusi aliandika kumi juu ya kumi.

"Hii ndiyo imekubaliana na nyama," alisema, akarudisha kalamu na kushukuru.

Odell alikuwa ameshatia gogo jipya. Mgahawani foleni ilifika barabarani. Verlene akaosha mikono, akasimama mbele ya ubao wa kukatia.

"Ya mafuta au kavu?"

"Ya mafuta," alisema wa kwanza.

Akakata.