Ng'ombe wa Rangi ya Chungwa

Ng'ombe wangu wa kwanza alikataliwa kwa sababu alikuwa wa rangi ya chungwa.

Wa pili alikataliwa kwa sababu pembe zake zilikuwa za zambarau. Alipotokea wa tatu, Mzee Edson aliinua fimbo yake akainyoosha kuelekea televisheni, kisha akamuuliza mshenga wangu, "Donatus, hawa mmewatoa zizini au kwenye katuni?"

Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni, karibu na waya. Kwa kawaida nisingekuwemo kabisa, maana mwoaji hakai kwenye kikao cha mahari yake. Lakini nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyejua kuunganisha simu yangu na televisheni ile, kwa hiyo niliruhusiwa kuingia kwa sharti moja: nicheze na waya, nisicheze na mdomo. Sharti hilo lilinitoa jasho kuliko miaka minne niliyochimba dhahabu Geita.

Na miaka minne hiyo ndiyo iliyokuwa inatukanwa pale kwenye kioo. Kila nilipopata chochote shimoni nilinunua ng'ombe, nikampeleka kwa baba mdogo Marselino kule Bukombe, mpaka wakafika kumi na wawili. Mzee Edson, baba yake mchumba wangu Loveness, hapokei mahari ya kusimuliwa. Lazima aone kwa macho yake mwenyewe. Ila mwezi ule alikuwa ameanguka na pikipiki, mguu uko kwenye plasta, na safari ya Bukombe haikuwezekana. Ndipo alipotoa amri kwamba ng'ombe wapigwe video, waje wakaguliwe sebuleni kwake, Nyahanga.

Televisheni yenyewe ilikuwa kubwa kama mlango. Aliinunua kwa mafao yake mgodi wa Buzwagi ulipofungwa, baada ya kuendesha malori miaka kumi na mmoja. Tangu siku hiyo hakuna aliyegusa rangi zake. Majani ya uwanja wa mpira yaliwaka kijani cha sumu, na watangazaji wa habari walikuwa na nyuso kama nyanya. Mzee aliona ni ubora.

"Mzee wangu," Donatus alisema kwa upole, "ng'ombe ni wazima. Nadhani ni rangi za televisheni."

"Televisheni hii?" Mzee aligeuka kama aliyetukaniwa mtoto. "Hii hapana. Hii nimeinunua mpya, na karatasi yake ninayo."

"Kuna fundi ametoka Mwanza, yuko hapa mjini anasawazisha rangi za televisheni za hoteli. Ana kipimo. Akija ni laki moja na nusu."

"Laki moja na nusu! Anabadilisha kioo?"

"Habadilishi kitu. Anapima, anarekebisha."

"Yaani nilipe mbuzi wawili ili mtu aje kubonyeza rimoti yangu? Rimoti ninayo, na vidole ninavyo."

Ulimi wangu ulikuwa unaungua. Loveness alinichungulia kutoka mlango wa jikoni, akaniita kwa kidole, nami nikatoka kama naenda kunywa maji.

"Lipa wewe," alininong'oneza. "Tumalize. Wamebaki tisa, na baba akishasema hapana kwa wote, hasemi tena ndiyo."

"Nikilipa mimi, atasema nimewapaka rangi ng'ombe."

"Basi mwambie ukweli, kwamba televisheni yake mbovu."

"Nimekatazwa kusema, Love!"

"Wewe? Ukakubali?" Alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kanga. "Kweli unanipenda."

Nilirudi sebuleni nimeuma meno. Hela ninayo mfukoni, pumzi ninayo kifuani, na vyote viwili havikuwa na ruhusa ya kutoka. Ng'ombe wa tano alikuwa ameshakataliwa kwa kosa la kung'aa.

Aliyetuokoa ni Mama Loveness. Alikuwa amekuja kugawa chai, akasimama na birika mkononi, akatazama kioo, akamtazama mumewe. Kisha akaichomoa simu yangu kwenye waya na kutoka nayo uani. Alirudi baada ya dakika mbili.

"Chomeka," aliniambia. "Kuna mmoja alisahaulika."

Kwenye kioo akatokea ng'ombe jike, ubavu mzima umejaa, rangi ya karoti iliyooshwa. Mzee Edson hakuchukua hata muda wa kufikiri.

"Huyu ndiye mbaya kuliko wote! Tazama macho yake, njano tupu. Huyu ana homa, tena ya siku nyingi. Mwenye mali hii haoni aibu? Anaishi wapi?"

"Anaishi hapa," Mama Loveness alisema huku akimimina chai. "Huyo ni Sikujua. Umemkamua asubuhi."

Donatus alipaliwa na chai. Jikoni kulisikika sufuria ikianguka na mtu akicheka juu yake. Mzee alimtazama Sikujua kwenye kioo kwa muda mrefu, yule ng'ombe anayemwita kwa jina kabla hajamwita mtoto yeyote. Alisogeza kiti, akainamia mbele, akamtazama tena.

"Mwite huyo fundi," alisema taratibu. "Nalipa mimi. Kijana asitoe hata shilingi."

Fundi alikuwa dada mdogo tu kwa umri, Ritha, amebeba begi la kompyuta. Alimwamkia Mzee, "Shikamoo baba," akaitikiwa marahaba ya mashaka. Aliwasha televisheni, akatabasamu.

"Mmeiacha kwenye rangi za dukani, baba. Dukani kila televisheni inawekwa iwake kuliko jirani yake. Hapa sebuleni haina jirani wa kushindana naye."

Alining'iniza kipimo chake juu ya kioo, kidude cheusi kama kifuniko cha chupa, na kompyuta yake ikaanza kutupa rangi moja baada ya nyingine. Kwa nusu saa tulitazama nyekundu, kijani, bluu na kijivu, kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Alipomaliza, Mzee alitoa amri nyingine.

"Mleteni Sikujua."

Aliletwa mpaka barazani, akasimamishwa mlangoni. Video yake ikawekwa. Mzee akatazama wa mlangoni, akatazama wa kwenye kioo, mara tatu.

"Bado. Ongeza udongo kidogo."

"Baba, kipimo kinasema imekaa sawa."

"Hicho kipimo kimewahi kumkamua huyu?"

Ritha alirudi nyuma hatua moja. Akamtazama ng'ombe, akatazama kioo, kisha akayaona mapazia mekundu ya dirishani, jua la alasiri likipenya na kumwaga uwekundu ukutani kote. Alikwenda akayavuta pembeni. Chumba kikawa cheupe, na Sikujua wawili wakawa mmoja.

"Eeh!" Mzee alipiga fimbo chini. "Sasa huyo ndiye. Wabeja, asante sana, binti. Haki yako umeifanyia kazi."

Alimlipa hapo hapo, akaamuru ukaguzi uanze upya.

Wa rangi ya chungwa akatoka mwekundu wa kichuguu, mnene, nundu imesimama. Akakubaliwa. Wa pembe za zambarau akakubaliwa. Mpaka wa kumi na mmoja anakubaliwa, Donatus alikuwa ameshavua koti. Nami nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, kifua kimejaa, mpaka alipotokea wa mwisho.

Wa mwisho ni yule dume wangu mweusi. Kwenye kioo kidogo cha simu yangu weusi ulikuwa umemeza kila kitu, alikuwa kama lami mpya. Sasa nilimwona vizuri: weusi umefifia kuwa kahawia, mvi puani, na shingoni upara wa nira. Nilimtambua mara moja. Alikuwa mzee wa kulimia wa baba mdogo Marselino.

Ningeweza kupitisha kidole haraka kwenye simu, ukaguzi ukaisha, na pengine hakuna ambaye angeuliza. Lakini sikuchimba miaka minne ili nitoe mahari ya kuazimwa.

"Huyo si wangu!" nilisema, tena kwa sauti.

Sebule iligeuka kunitazama. Sikusubiri ruhusa. Nilipiga simu Bukombe, nikaweka sauti ya wote kusikia.

"Baba mdogo, dume langu jeusi liko wapi?"

"Aah, mwanangu Mayala! Lipo, linakula. Nilikuwekea huyu mkongwe tu. Kwenye video nani ataona?"

Mzee Edson alinyoosha mkono. Nikampa simu.

"Mkwe mwenzangu," alisema, "nimemwona. Huyo mkongwe amekulimia vya kutosha, mwache apumzike. Nataka yule mweusi, na nataka uje naye wewe mwenyewe, Jumamosi, ukila nyama hapa kwangu unieleze vizuri." Akasikiliza kidogo, akacheka. "Hapana, usiogope. Kumi na mmoja nimeshawapokea."

Kumi na mmoja nimeshawapokea! Kigelegele cha Loveness kilitoka jikoni kabla hata simu haijakatwa, mama yake akamfuata na cha kwake, na Sikujua barazani akashtuka akaanza kuvuta kamba.

"Na wewe," Mzee alinigeukia, "nilikwambia usifungue mdomo."

"Ndiyo, baba."

"Kaa kwenye kiti. Sakafuni hapo wanakaa mafundi."