Doa la Kijani

Bi Rangi alikuwa na mwaka wa kumi na nane tangu astaafu alipopigiwa simu na ofisi ya ramani. Jina hilo alilipata kwa wenzake enzi zile ramani zikichorwa kwa mkono. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi, na hakuna jioni aliyorudi nyumbani bila wino kwenye kucha. Aliyempigia alikuwa binti mmoja, mchora ramani wa siku hizi, wa kompyuta.

"Shikamoo mama. Tunaziingiza ramani za zamani kwenye kompyuta, sasa tumekwama kwenye ile kubwa ya tabianchi. Kuna doa la kijani katikati ya njano. Wenzangu wanasema wino ulidondoka."

"Marahaba mwanangu. Wino ulidondoka?" Bi Rangi alicheka mpaka ikabidi akae. "Hao wenzako waambie wasiguse kitu. Kesho asubuhi nipo hapo."

Alipoingia chumba cha uchoraji, miguu yake ilimpeleka yenyewe mpaka kwenye dirisha refu, pale meza yake ilipokuwa. Meza ilikuwepo bado, imejaa mikwaruzo ya visu vya kukatia karatasi. Harufu ya gundi na wino haikuwepo tena. Ramani ilikuwa imetandazwa, na rangi zake zilikuwa zimefifia kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi.

"Rangi tano tu," alimwambia binti. "Kijani ni nchi za joto na mvua. Njano, ukame. Kahawia, zile za wastani, zenye majira yanayoeleweka. Zambarau ni kule kwenye baridi inayogandisha mito. Nyeupe ni nchani mwa dunia, barafu mwaka mzima. Mkubwa wetu alikuwa akisema dunia nzima inaenea kwenye visahani vitano."

Mkubwa huyo walimwita Mzee Rula, maana hakuwahi kuchora hata mstari wa inchi moja bila rula. Alikuwa mwema, ila mbishi kupindukia. Asubuhi moja alimwekea Bi Rangi rasimu ya ramani mezani, na Bi Rangi akaona kijiji alikozaliwa kimo ndani ya njano.

"Mzee, hapa pana kosa," alisema. "Kwetu mvua inanyesha. Baba yangu ndiye mpimaji wa kituo cha pale, vitabu vyake viko kabatini kwako. Miaka thelathini na mmoja!"

"Nimeviona. Vituo vyote vya jirani vinapata nusu ya mvua anayoiandika. Baba yako anatia chumvi."

"Chumvi haipimwi kwa milimita, mzee."

Chumba kizima kiliinama kuficha kicheko. Bi Rangi mwenyewe alidhani hapo amemwaga unga. Mzee Rula alimtazama, akafunga rasimu, akasema wiki ijayo watakwenda wote wawili wakaone.

Walisafiri siku mbili kwa gari la ofisi. Upande wa kwanza wa vilima ulikuwa vumbi tupu, na Mzee Rula akawa anatabasamu peke yake. Kisha wakapanda, wakavuka kilele, wakaanza kuteremka upande unaotazama bahari. Ukungu ukawapokea. Hazikupita dakika kumi gari likakwama kwenye tope. Mzee Rula aliposhuka kusukuma, viatu vyake vilivyong'arishwa vilizama mpaka kwenye kifundo.

Baba yake Bi Rangi aliwapokea mlangoni na taulo mkononi. Hakuuliza wamefuata nini. Aliwaonyesha kipimamvua, chupa nyembamba ya kupimia na daftari la mwaka ule. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, namba moja. Mzee Rula alifunua kurasa za nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka akafika mahali palipoandikwa kwa mwandiko uleule ulionyooka: milimita kumi na mbili, mama yangu amezikwa leo.

Aliweka kidole juu ya mstari huo.

"Ulipima hata siku hiyo?" aliuliza.

"Mvua ilinyesha hata siku hiyo," alijibu baba.

Njia nzima ya kurudi Mzee Rula alikuwa akieleza kwa furaha ya mtoto, kana kwamba jambo amelivumbua yeye. Upepo wa bahari unakuja na unyevu wake, unagonga vilima, unapanda, unapoa, unamwaga mvua upande huu. Ukishavuka unakuwa kama nguo iliyokamuliwa, wa ng'ambo hawaambulii kitu. Vituo vya jirani vyote vilikuwa ng'ambo. Walipofika ofisini alimsogezea Bi Rangi kisahani cha kijani. "Paka mwenyewe," alisema. "Tena bila rula."

Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kiti, akashusha sauti.

"Mama, sikukuita kwa ajili ya doa tu. Tunatoa ramani mpya, kwa vipimo vya miaka thelathini ya karibuni. Pale pametoka njano. Nikaona siwezi kupafuta kabla sijamwuliza aliyepaka."

Ubishi wa zamani ulimrudia Bi Rangi. Aliomba penseli, karatasi na vipimo vya mvua na joto vya kituo cha kwao. Alijumlisha mvua ya miaka thelathini, akagawanya. Akarudia. Mvua ilikuwa imepungua kidogo tu, si ya kutisha. Kilichobadilika zaidi ni joto. Mstari wa ukame hausimami juu ya mvua peke yake. Joto likipanda, maji yanakauka upesi, na mahali panahitaji mvua nyingi zaidi ili pabaki kijani. Alirudia hesabu mara ya tatu, taratibu, akitamani penseli ikosee. Haikukosea.

"Paka njano, mwanangu," alisema.

Binti hakugusa kitu. Alimsogezea Bi Rangi kiti cha kompyuta, akamwonyesha pa kubonyeza. Bi Rangi alibonyeza. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchovya brashi. Wakakubaliana ramani zote mbili zitolewe pamoja, kila moja na miaka yake chini, na Bi Rangi awe anakuja kila Alhamisi kuwasomea vijana madaftari ya zamani, maana mwandiko ule ulikuwa unawashinda.

Jioni alimpigia simu kaka yake, ambaye bado anaishi kule.

"Kaka, leo nimepapaka kwetu njano."

"Mmechelewa," alisema kaka. "Kile kijito cha nyuma ya nyumba siku hizi tunakivuka bila kuvua viatu."

"Unakumbuka mama alivyokuwa akigombana na mablanketi? Wiki nzima hayakauki."

"Anayageuza kila saa kama anachoma mkate! Na sisi tunalala yakiwa na unyevu, tunanuka kama mbuzi walionyeshewa."

Walicheka wote wawili, kila mmoja kwake.

"Lakini hata hivyo," alisema kaka, "njoo. Mwezi ujao huenda ikanyesha."

"Nakuja," alisema Bi Rangi, akaanza kutafuta begi.