Mabawa Matatu ya Kushoto

Mimi vumbi la mbao ndani ya nyumba silipendi, lakini mwaka ule ningesema nini? Mwanangu, mchoraji wa ramani za majengo, alikuwa kitandani, moyo umemchoka, na kitu pekee alichokitaka ni kuiona ndege yake ndogo ya mbao ikiruka nje ya dirisha la chumba chake. Aliichora kwenye kompyuta, mto mgongoni, mstari kwa mstari. Mimi nachapisha karatasi, baba yake, seremala, anazipeleka karakana uani.

Bawa alichora moja tu, la kushoto.

"La kulia ni hilohilo, Baba, ila unageuza karatasi. Ipake mafuta kidogo, mistari itaonekana kwa nyuma."

"Leo unanifundisha kazi?" akauliza mume wangu. Huyo naye, kuambiwa hataki.

Akarudi na mabawa mawili, yamepigwa msasa yanateleza. Mwanangu akayapanga juu ya shuka, akayatazama. Yote ya kushoto. Basi alicheka mtoto yule, alicheka mpaka nikaingia mbio nikidhani amezidiwa.

"Baba, hii itazunguka palepale kama kuku aliyechinjwa."

Mume wangu alinuna, kisha naye kicheko kikamtoka. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko tangu daktari atuite pembeni na kutuambia maji yamezidi unga.

Mwanangu akaona heri amchoree na la kulia. Kumbe kwenye kompyuta ni kubofya tu, upande wa pili unatokea wenyewe kama kwenye kioo. Nikachapisha, nikampa baba yake mkononi.

"Fanya haraka, mume wangu. Hali yake unaiona."

Siku zikaenda. Kila nikichungulia karakana namkuta kainamia bawa, ananikinga kwa mgongo. Asubuhi alipolileta, mwanangu alikuwa akifumbua macho kwa shida. Baba yake akamwekea bawa kifuani, akamshika kidole, akakipitisha taratibu ukingoni.

"Haya, mkaguzi. Leo nimepatia?"

Nikaangalia. La kushoto tena.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Ndipo nikamwona ameinama, sikio karibu na mdomo wa mwanawe, anasubiri. Hakuwa amekosea. Alitaka kumsikia akicheka tena.

Mwanangu hakucheka. Alituacha kabla ya adhuhuri, ndege yake haijaruka.

Baada ya mazishi nilikwenda kufagia karakana. Chini ya meza, ndani ya kitambaa, nikakuta bawa la kulia, limekamilika, hata gundi imekauka. Alikuwa ameanza na hilo, akalificha, akala siku nyingine kutengeneza la mzaha.

Nimelifunga tena na kulirudisha mahali pake. Mume wangu hajui kuwa nimeliona, na mimi na mdomo wangu huu wote, sijamgombeza.