Mvuke wa Dobi

Saa tatu asubuhi suruali ya mteja ilikuwa imeungua gotini, alama kamili ya ncha ya pasi. Dobi alikuwa chooni, akisubiri matone.

"Haja ndogo yako imekuwa kubwa kuliko kazi," mkewe alimwambia alipotoka. "Kesho hospitali."

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwaonyesha picha: tezi dume imevimba na kuubana mrija wa mkojo. Vidonge havikuwa vimesaidia. Angepitisha kifaa chembamba katika njia ileile ya mkojo na kupuliza mvuke ndani ya tezi.

"Mvuke?" Dobi alishusha mkono wa shati kufunika makovu ya mvuke wa pasi. "Huyo namjua, daktari. Hana adabu."

"Wangu hukaa ninapomweka."

"Akishindwa?"

"Tutapasua."

Dobi aliitazama tena ile picha. Kaka yake alipasuliwa tezi hiyo, na tangu hapo mkojo humtoka bila ruhusa. Havai tena suruali ya kijivu, maana huonyesha kila tone. Nguo zake huzifua Dobi mwenyewe.

Shughuli ya mvuke ilikwisha chai ya mkewe ikiwa bado ya moto. Alirudi nyumbani na mpira wa mkojo na mfuko wake pajani, akaambiwa arudi kutolewa mpira baada ya wiki moja.

Hakusubiri. Keshokutwa yake aliingia zahanati ya jirani.

"Nguo ikipigwa mvuke hunyooka hapohapo," alimwambia muuguzi. "Nitoe hili dude."

Muuguzi alilitoa. Jioni tumbo lake la chini lilikuwa gumu kama meza ya pasi, na hakikutoka kitu.

Daktari aliurudisha mpira kwa mkono wake. Hakupandisha sauti.

"Nguo haina damu, mzee. Tezi huvimba kwanza, ndipo isinyae. Sasa mpira utakaa wiki mbili. Mkojo ukikataa tena, tunapasua."

"Umesikia?" mkewe aliuliza.

"Nimesikia."

"Za kaka yako unafua wewe. Zako atafua nani?"

Wiki mbili zilipokwisha, mpira ulitolewa. Dobi alikunywa maji, akangoja, akaingia chooni na jagi la plastiki. Mkewe alisimama nje ya mlango. Kwa muda hapakuwa na sauti. Kisha maji yaligonga plastiki, yakaendelea, yakaendelea.

Daktari alikipima kibofu kwa mashine: kilikuwa karibu kitupu. Alimwambia avae.

Dobi alivaa suruali aliyokuja nayo. Ilikuwa ya kijivu.